Bomba ya Makopo

Bunia, Saio, siku ya ine ya wiki

Kwako Constant, mudogo wangu wa tumbo moja, kule Niania,

Jambo sana, mutoto wa mama. Miye yaya yako, mukubwa wako Kule Ézéchiel, ninakusalimia na mikono yote mbili, hata ule wenye kidole gumba kifupi, kile mashini ya kukata chuma ilikula ncha yake. Uko namna gani? Magoti yako ingali inakuuma wakati wa mvua? Willy, ule mwenye kukuletea barua hii, anasema kule Niania mvua haipumzikaki, na weye unauza esansi ya motokari mu machupa kando ya barabara, umekaa kwenye kiti ya mbao pasipo mugongo. Ile si kiti ya mutu wa miaka makumi sita na tatu. Suzanne bibi yako iko muzima? Miye, tumushukuru Mungu, niko muzima. Meno imebaki saba, lakini ile saba inafanya kazi ya meno yote.

Mbele ya mengine nikuambie hii. Willy atakupatia barua pamoja na mufuko ya simenti, muzito kidogo, nimeufunga na waya. Usiufungue kwanza. Soma mpaka mwisho, kisha chukua pinsi ukate waya. Ninakujua. Tangu utoto wako ulikuwa unamaliza nyama kabla bugali haijafika. Mara hii tu unisikilize.

Utashangaa kuona maandiko. Ni mukono wangu. Séphora, ule mwalimu jirani anakaa parseli ya pembeni, aliomba aniandikie, akasema muzee, weye useme tu, miye nitapanga maneno vizuri. Nikamukatalia. Nikamwambia mutu aliyepiga soude, akaunganisha kengele ya kanisa iliyopasuka, na kengele ikalia tena, hawezi kushindwa na biki ya kuandikia. Akacheka. Miye nilifika mwaka ya pili ya primeri, unajua, lakini wale waliofika mwaka ya sita wako wapi? Wanakuja kwangu na motokari zao. Sasa niko siku ya tano ninaandika. Kuko kitu ingine ilifanya nikatae mukono ya Séphora, utaiona mbele.

Nilikupigia simu mara tatu. Mara ya kwanza iliita mpaka ikachoka. Mara ya pili ulikata. Mara ya tatu ile mwanamuke wa simu akasema hauko. Sikukasirika. Kidogo tu.

Ninakuandikia juu ya kilio ya bibi yangu Madeleine. Mwaka inatimia, na tutamaliza kilio siku ya posho, ile Jumamosi ya wiki ya tatu kutoka leo, hapa nyumbani. Mutoto yetu Espérance atatoka Butembo na watoto wake, na pastere amekubali kuja kuomba. Ninataka ukuje. Ninajua nilikufukuza, hauna lazima ya kunikumbusha. Ninajua tena Espérance amesema mbele ya mashangazi kama baba mudogo Constant akikanyaga hapa, yeye atachukua watoto arudi. Hata hivyo ninakuambia ukuje. Soma.

Nyumba iko namna uliiacha. Mulango wa jikoni ungali unalia. Ninapika mwenyewe. Bugali yangu inatoka na mabonge, na kama nimekosea maji, hakuna mutu wa kunitukana. Unamukumbuka shemeki yako namna alikuwa ananiambia, "Kule, hii ni bugali ao ni matofali ya kanisa?" Siku hizi ninapika, ninaangalia chungu, ninajiuliza ile swali mwenyewe, kisha ninakula. Sandali zake ziko chini ya dirisha. Espérance alitaka kuzipatia watu wakati tuligawa nguo, nikasema zibaki, nitazitumia kupima ngozi. Ngozi gani? Miye ni mutu wa chuma. Aliziacha pale. Redio iko. Kama wanasoma matangazo ya vifo ninaizima.

Watu wananiita vile vile Dokotere wa Eshapema, ile bomba ya moshi ya motokari. Hakuna mutu mu Bunia muzima, hata uende kwa wale wenye garaji ya simenti na wafanyakazi wa kuvaa kombinezo, anaweza kusikia motokari inapita kwenye barabara, yeye akiwa ndani anakula, na kusema bomba yake ya moshi imepasuka mahali fulani. Miye ninasema. Siku moja walibishana na miye, wakalala chini wakaangalia, wakanilipia bia mbili.

Lakini tuongee juu ya ile bomba ya makopo, sababu kila kitu inatokea pale.

Unakumbuka mwaka ile chuma ilipanda. Bomba za kutoka Kampala, mutu alikuwa anauliza bei, anarudi nyuma sawa amekanyaga nyoka. Wenye motokari wakaanza kutembea na kelele, wengine wakafunga bomba zao na kamba za mipira. Pale akili yangu ikaamka. Nikaenda soko, nikaona wamama wa kambi ya wakimbizi wanauza makopo matupu ya mafuta ya musaada, yale ya njano-njano, mengi sana. Watu walikuwa wanatengeneza taa na milango ya choo. Miye nikaona eshapema. Tumbo ya bomba nikakata mu pipa ya mafuta. Mahali ya kuunganisha nikazungusha kopo mara mbili. Na pahali pa joenti ya kununua, ile ya kuziba moshi, nikachukua udongo ya kichuguu, nikachanganya na majivu na chumvi kidogo, nikaikandamiza na kidole. Moto ya mashini yenyewe inaichoma, inakuwa nguvu sawa tofali. Hakuna mutu alinifundisha ile. Tena nikaona kama bomba inaishia chini ya motokari, katikati, haifiki nyuma kabisa, unabakisha metre moja na nusu ya chuma. Nikasema moshi iko na akili yake, itatoka yenyewe. Watu wakatoka mpaka Mongbwalu kunitafuta.

Weye ulikataa. Nitaandika hapa maneno yako vile uliyasema, mbele ya wateja, na spana mu mukono.

"Yaya, umesahau kuku za patron?"

Sikuwa nimesahau. Nani anaweza kusahau? Siye wawili tulikuwa vijana kule Butembo kwa patron yetu, yeye akafunga mulango wa hangari juu ya mvua, akaacha lori inawaka ndani apashe mashini moto, akaenda kunywa chai. Kurudi, kuku zake kumi na mbili ziko juu ya miti yao zimelala, hazina damu, hazina jeraha, na ukizigusa zinaanguka moja moja. Patron akatuambia moshi ya motokari haina meno lakini inauma. Harufu inakwendaka, ubaya inabaki. Weye ulilia juu ya zile kuku, na miye nikakucheka.

Nikakujibu, "Kuku iko na mapafu ya kuku." Wateja wakacheka sana. Tangu siku ile nikakuita Baba Kuku, na garaji yote ikakuita Baba Kuku, mpaka watoto wa njiani. Weye ulichukua spana yako ukaenda kufanya kazi ingine. Hata vile, wakati nilinunua ile takisibisi nyeupe, ni weye nilitia kwenye usukani, juu hakuna shofere mwenye moyo mupole kwa motokari sawa weye. Ile nilikuwa najua na sikukuambia hata siku moja. Bomba yake nikaitengeneza miye mwenyewe. Ya makopo. Fupi.

Ile siku mulitoka Marabo hauna lazima nikusimulie, weye ulikuwa ndani. Lakini wale watasikia barua hii hawakukuwa, wanajua tu ile miye nilisema. Kwa hiyo nitaandika namna weye uliieleza kwenye kilio, siku ya kwanza, wakati hakuna mutu alitaka kusikia.

Ulisema Madeleine aliingia pale Marabo na gunia mbili za maharagi. Mvua ilikuwa inanyesha sana, na watu wakafunga madirisha yote. Ulisema alikataa kukaa mbele na weye, akaenda kwenye kiti yake ya kila siku, ile ya katikati, mahali sakafu inakuwa na moto-moto, akavua sandali akaweka miguu chini. Aliwaambia abiria motokari ya bwana yake iko na shofaji ya kupasha miguu, sawa ya wazungu. Walicheka. Kisha akasema kichwa inamuuma. Mama ingine akasema hata yeye. Uliuliza kama usimame, akakujibu, "Endelea, shemeki, nitalala kidogo tu." Dirisha yako ilikuwa imeharibika, haifungi, mvua ilikuwa inakupiga kwenye mukono. Wale abiria wengine wakashuka njiani. Wakati ulifika Saio, ulimuita mara tatu. Ulidhani amelala.

Hopitali wakasema ni tansio ya damu, moyo imesimama. Alikuwa na tansio kweli. Tuliamini wote.

Na miye, mbele ya mashangazi, mbele ya pastere, mbele ya Espérance mwenye kufika tu na uso imevimba, nikasimama nikasema weye umebeba mugonjwa sawa gunia ya mihogo. Nikasema mwanamuke anakuambia kichwa inamuuma na weye unawaza tu kufika. Nikasema ingekuwa abiria wa kukulipa vizuri ungesimama. Hii ya mwisho ilikuwa uongo, na siku ile sikujua kama ni uongo, nilikuwa nasema tu. Ulinyamaza. Weye ukinyamaza watu wanadhani umekubali. Miye ninajua ukinyamaza ni kama vile wakati ya kuku, unalia ndani.

Siku ine nyuma ya maziko ukaenda. Nilisikia umeacha usukani kabisa. Willy ananiambia kule Niania wamekuomba mara mingi uendeshe, unawajibu mikono yako haiko mizuri.

Sasa, Constant, punguza mbio ya kusoma.

Watu hapa wanasema muzee Kule amepata wazimu. Juu ya sababu gani? Juu tangu kilio ninaita motokari zote nilizotia bomba ya makopo. Ziko kumi na moja. Ninawaambia wenyewe walete, ninakata ile bomba, ninatia chuma ya kweli, muzito, mpaka nyuma kabisa, na sichukui kitu. Nimeuza poste yangu ya soude ya pili, ile mashini kubwa, na takisibisi yenyewe, nyuma ya kuitilia bomba mupya, kwa kununua chuma. Wakiniuliza sababu ninawaambia Dokotere hana lazima ya kumueleza mugonjwa. Mathieu, ule wa pikapu ya mbao, akacheka akasema, "Muzee, unajenga njia ya mbinguni na eshapema?" Nikaendelea kukaza bomba yake. Ya kwake njo ilikuwa ya kumi na moja. Niliimaliza wiki iliyopita.

Nilikuwa najiambia nitakuandikia wakati nitamaliza zote. Ile ilikuwa uongo ingine. Ningeweza kukuandikia siku ya kwanza.

Siku tatu nyuma ya maziko, watu wangali mu kiwanja wamekaa juu ya mikeka, niliwaambia ninaenda kutafuta ufunguo iliyoanguka. Nikaingia chini ya takisibisi. Ilikuwa saa sita ya muchana, jua kali, niliona kila kitu. Udongo yangu ilipasuka. Kopo ilifunguka sawa mudomo ya samaki. Na juu yake, kwenye chuma ya sakafu, kulikuwa alama nyeusi ya moshi, kubwa sawa sahani, na kutu ilitoboa mashimo, tatu, ine. Nikatia kidole mu shimo moja. Kikagusa tapi ya ndani, ile ya kukanyaga. Ilikuwa mahali ya miguu yake.

Alikuwa anasema shofaji. Kumbe ilikuwa bomba yangu.

Miye sikuwa na lazima ya muganga wala ya injenia. Nilijua palepale, nimelala kwa mugongo, sawa namna patron alijua wakati alifungua hangari. Na kutoka pale chini nilikuwa naona miguu ya watu. Niliona miguu yako. Ulikuwa unamuuliza Espérance kama maji ya wageni ingali inatosha. Ukauliza tena na sauti ya chini, "Mutoto wangu, maji inatosha?" Akageuka akaenda. Miguu yako ikabaki pale, yenyewe.

Ilikuwa hatua kumi. Ningetoka, nikasimama, nikasema, Espérance, mwachie baba mudogo, ni miye. Maneno sita tu. Sikutoka. Nilingoja mpaka miguu yako ikaondoka, kisha nikachukua musumeno ya chuma nikakata ile kipande ya bomba, nikaitia mu mufuko ya simenti, nikaificha nyuma ya mulango ya chumba.

Kesho yake ulikuja kuniaga na kabegi yako. Ulisema, "Yaya, ninaenda." Ulinyoosha mukono. Miye nilibaki kwenye kiti, sikuushika, na mufuko ilikuwa nyuma yangu, karibu hata ya kugusa. Watu waliona kasirani. Haikuwa kasirani. Nilikuwa naogopa ukiingia ndani utauliza, yaya, mu ule mufuko kuko nini.

Mwaka muzima nimekuwa nalala nao. Hakuna mutu ingine mu nyumba, unaona, ni miye na redio na ule mufuko. Nilitaka kuutupa mu muto Nyamukau mara mbili. Nilifika mpaka kwenye maji, mara zote mbili nikaurudisha sawa mutu amebeba mutoto. Nilijiuliza sababu sikuweza. Sasa ninajua nilikuwa nakuwekea weye.

Njo maana Séphora hakuandika. Hii mukono ya mutu mwingine haiwezi.

Siombi unisamehe mu barua. Ninaomba kitu kimoja. Siku ya posho ile ukuje, usimame mbele ya watu, usome hii barua yote, pasipo kuruka, hata pale nilikuita Baba Kuku. Miye singeweza kusema. Mudomo yangu unaujua, ikifungukaka ni kwa kujisifu, na pale mbele ya Espérance ningeanza juu ya kengele ya kanisa na nisifike mwisho. Weye soma. Miye nitakuwa nimekaa chini kwenye mukeka, sitakaa kwenye kiti ya mwenye nyumba. Ile kiti itakuwa yako siku ile. Kama Espérance akilia, musimunyamazishe. Kama akisema ni miye nitoke, nitatoka, kofia yangu itakuwa karibu. Lakini yeye ajue nani alimubeba mama yake mpaka nyumbani na mukono imeloa mvua, na nani alifanya ile moto ya miguu.

Kama hautaki kuja, tuma barua na mufuko kwa Espérance, Willy atafikisha. Lakini ukuje.

Nisalimie sana Suzanne, umuambie nimekumbuka sombe anapikaka. Séphora anawasalimia pasipo kuwajua. Pastere vile vile. Mulango wa jikoni unawasalimia, hakuna mutu wa kuutia mafuta, uliuzoea weye. Mungu awachunge kwenye barabara yote, na mukipanda motokari ya mutu, hata mvua inyeshe namna gani, muache dirisha moja wazi.

Sasa kata waya. Usiogope, haina kitu ya kuuma tena. Igeuze, utaona mahali kopo inafunguka, na pembeni kipande ya udongo ingali imeshika. Moto iliichoma vizuri, nilikuambia inakuwa nguvu sawa tofali. Juu yake kuko alama ya kidole gumba. Tia cha kwako pale, utaona ni kifupi, haina ncha. Mu Bunia hakuna mutu mwingine iko na kidole hiki. Hii barua sikuitilia sinyatire, juu Dokotere alisha kuitia pale kwenye bomba. Uonyeshe watu wote.

Ni miye yaya yako,

Kule Ézéchiel